Manyani Wawili wa Janibu: Udugu na Muujiza katika Riwaya za Vijana

Kila usiku mtawala wa Janibu huwaendea manyani wawili anaowafuga nyumbani kwake, akawachapa mjeledi hadi wakalia. Kisha huutupa mjeledi, akawakumbatia, akalia pamoja nao, akawalisha chakula kizuri. Mtawala huyo ni Adili. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Msomaji aliyewahi kukisoma kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze (1952), hasahau picha hii hata akisahau mengine yote. Makala haya yanakusudia kuuliza jambo moja juu yake: muujiza huu ulitoka wapi, na ulikuja kufanya nini katika nyumba ya ndugu watatu?

Huenda ukaona, mwalimu mwenzangu, kwamba swali hili ni la watu wenye nafasi. Silabasi ni ndefu, vipindi ni vichache, na mtihani hauulizi mambo ya majini. Lakini tazama tunavyolimaliza jambo lenyewe darasani. Mwanafunzi akiuliza mtu anawezaje kugeuka nyani, tunajibu kwa neno moja, "fantasia". Tunaliandika ubaoni chini ya kichwa "Mbinu za Sanaa", kisha tunapita kwenye tashbihi na istiari. Mwanafunzi naye hulinakili na kulikariri, na swali lake hubaki pale pale lilipokuwa.

Hasara ya jambo hili inaonekana wazi katika mtaa kama Karen, huku magharibi mwa Nairobi. Darasa moja laweza kuwa na kijana anayetoka katika nyumba yenye ua wa ekari nzima, na mwenzake anayetoka katika vijumba vya mabati vya Kuwinda, papo hapo Karen. Wa kwanza amesoma vitabu vyote vya J. K. Rowling, wa pili ameviazima. Wote wawili wanaamini kwamba ajabu ni mali ya Kiingereza, na kwamba Kiswahili ni lugha ya kuandikia juu ya ufisadi, UKIMWI na ndoa za mapema. Si kosa lao. Ndivyo tulivyowafundisha.

Milango mitatu

Hadithi za ajabu zilizomlea Adili ziliingia Afrika Mashariki kwa milango zaidi ya mmoja. Nitataja mitatu, na wa tatu huenda ukakushangaza.

Wa kwanza ni bandari ya Unguja. Edward Steere, mmisionari wa UMCA ambaye baadaye alikuwa askofu, aliwasikiliza wasimulizi wa mji huo, kisha akachapisha hadithi zao London mwaka 1870 katika kitabu kiitwacho Swahili Tales. Humo mna kisa cha Sultani Darai, na pia kisa cha Mohammadi Mtepetevu. Huyu Mtepetevu ndiye yule mvivu wa Alfu Lela Ulela, ambaye katika masimulizi ya Kiarabu anatajirishwa na nyani, kumbe nyani mwenyewe ni jini. Kwa hiyo jamaa za manyani wa Janibu walikwisha kutia nanga pwani yetu miaka 80 na zaidi kabla Shaaban Robert hajachapisha kitabu chake. Hawakuja kwa maandishi. Walikuja katika vinywa vya watu, pamoja na tende na mazulia.

Mlango wa pili ni ofisi ya serikali. Katika miaka ya kuelekea 1930, watumishi wa serikali ya Kiingereza huko Tanganyika, hasa Frederick Johnson na E. W. Brenn, walifasiri vitabu vya kusomwa shuleni. Ndipo zilipopatikana Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa Chenye Hazina, na ndipo sehemu za Alfu Lela Ulela zilipotiwa katika Kiswahili cha shule. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi tarehe 1 Januari 1930, Johnson ndiye aliyekuwa katibu wake wa kwanza. Jambo la kuzingatia hapa ni rafu ambayo hadithi hizi ziliwekwa. Jini wa Baghdadi alipangwa pamoja na maharamia na wawindaji wa Kizungu, akawa burudani ya kumzoeza mwanafunzi kusoma. Nadhani mazoea yetu ya kusema "fantasia" na kupita yalianzia kwenye rafu ile.

Mlango wa tatu uko hapa hapa Karen. Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, alifika nchini mwaka 1914, akaishi katika shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong hadi 1931 lilipofilisika na kuuzwa. Lilikatwa viwanja, na mtaa ukazaliwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1937, Out of Africa, anaeleza jinsi alivyomsimulia rafiki yake Denys Finch Hatton hadithi ndefu jioni, naye akijiona kama Shehrazade. Hayo ndiyo yanayokumbukwa na watalii wanaoizuru nyumba yake, ambayo ilifanywa makumbusho mwaka 1986. Lakini kitabu hicho hicho kina jambo lingine lenye maana zaidi kwetu. Mwanamke huyu alikuwa akizungumza na wanawake wa Kisomali wa nyumba ya Farah Aden, msimamizi wake. Wanawake hao walimsimulia hadithi za namna ya Alfu Lela, nyingi za kuchekesha, na ndani yake mwanamke humshinda mwanamume kwa akili. Mwenye shamba ndiye aliyejulikana duniani kwa usimulizi. Wanawake wa nyumba ya Farah hawakutia saini popote.

Sidai kwamba sauti za wanawake wale zilimfikia Shaaban Robert, kijana aliyeajiriwa forodhani Tanganyika mwaka 1926. Ninalosema ni kwamba katika miaka ile ile ya 1920 hadithi hizi zilikuwa zikisimuliwa Unguja, zikifasiriwa ofisini Dar es Salaam na zikichekwa jioni hapa Karen. Hazikuwa ugeni. Anayesema Adili na Nduguze ni "hadithi ya Waarabu" na kuiweka kando hana budi kueleza ni kwa nini hadithi iliyokaa nyumbani muda wote huo bado haijapewa uraia.

Alichokibadilisha Shaaban Robert

Kwa hakika kisa cha Adili kina asili inayojulikana. Katika Alfu Lela kuna hadithi ya Abdallah bin Fadhil, mtawala wa Basra, na ndugu zake wawili. Kodi ya Basra inachelewa kufika kwa Khalifa Harun ar-Rashid, mjumbe anatumwa kuifuata, na usiku anamwona mtawala akiwachapa mbwa wawili kisha akiwabembeleza. Mbwa hao ni ndugu zake waliomtosa baharini kwa husuda, wakageuzwa na binti wa mfalme wa majini ambaye Abdallah alikuwa amemwokoa. Anayelinganisha ataona mara moja kwamba Shaaban Robert ameichukua mifupa yote. Khalifa amekuwa Rai, mfalme wa Ughaibu. Mjumbe amekuwa Ikibali, na binti wa majini amekuwa Huria. Hata sharti ni lile lile: ndugu wachapwe kila usiku, na Adili akipuuza, adhabu itamgeukia yeye mwenyewe.

Wahakiki wengi wakifika hapa huridhika. Wanasema mwandishi amefasiri kwa uhuru, ameongeza mafunzo, basi. Mimi naona kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu mwandishi anayechukua mifupa ya mwenzake hujulikana kwa alichokibadilisha.

Kwanza, mbwa wamekuwa manyani. Kwa nini? Mbwa katika nyumba ya Mwislamu wa pwani ni mnyama wa uani, na kumkumbatia kila usiku kungemtia msomaji wake kinyaa badala ya huruma. Nyani ana habari nyingine. Msomaji aliyelelewa chuoni anajua kwamba Kurani inataja watu waliovuka mpaka wa amri ya Sabato wakageuzwa manyani. Kwa msomaji huyo, nyani ni mtu aliyeanguka, na sura yake inaukumbusha utu uliopotea. Juu ya hayo, nyani ana vidole, ana uso unaokunja, anakula kwa mikono. Anafanana na ndugu. Methali yetu husema ndugu ni kufaana, si kufanana. Na hapa pana ndugu ambao hawakufaa kitu walipofanana na Adili, nao wanaanza kumtoa machozi pale tu sura zao zilipomwacha. Mbwa wa Basra wasingeweza kuibeba kejeli hiyo.

Mwandishi pia alikuwa na sababu ya karibu ya kuwafikiria wanyama. Alifanya kazi forodhani tangu 1926 hadi 1944, kisha kati ya 1944 na 1946 akawa katika idara iliyoshughulikia wanyamapori, ndipo akahamia ofisi ya wilaya Tanga. Kitabu kilichotoka miaka sita baada ya hapo kinamsifu Rai kwa kuwapenda wanyama kama anavyowapenda watu. Mwanafunzi anayeishi Karen, ambako ngedere huingia jikoni wakaiba ndizi na mbuga ya wanyama ya Nairobi iko jirani, hahitaji kuelezwa kwa nini mtu anayemtazama nyani kwa muda mrefu huanza kuona haya.

Yafaa pia kuitazama kodi. Katika hadithi hii ajabu haigunduliwi na mganga wala na shehe. Inagunduliwa na mtu aliyetumwa kuuliza kwa nini hesabu za jimbo hazijafika. Hilo limo katika masimulizi ya Kiarabu pia, sikatai, lakini Shaaban Robert aliandika akiwa karani wa serikali, mtu ambaye aliishi kwa stakabadhi, mihuri na barua za kucheleweshwa kwa fedha. Anaposimulia tukio la jini kwa utulivu ule ule anaosimulia ukaguzi wa kodi, ametupa jambo ambalo wahakiki wa baadaye walikwenda kulitafuta mbali sana. Nitalirudia.

Badiliko kubwa liko mwisho wa kisa. Katika hadithi ya Basra ndugu wanarudishiwa ubinadamu wao kwa maombezi ya Khalifa, kisha husuda inawarudia pia. Wanamhujumu Abdallah mara ya pili, anaokoka kwa ajabu nyingine, na Khalifa anawaua. Fundisho lake ni kavu: mwenye husuda haponi hata akipitia ngozi ya mbwa. Shaaban Robert ameukata mkia huo wote. Katika Adili na Nduguze, Hasidi na Mwivu wanarudi kuwa watu kwa maombezi ya Rai, wanajuta, wanasamehewa, na hawarudii. Udugu unasimama upya.

Msomaji mkali atauliza kama huo si udhaifu. Je, mwandishi hakuogopa ukweli wa husuda, akachagua mwisho mtamu wa kufurahisha shule? Hoja hii ina uzito, nami siikatai yote. Adili mwenyewe ni mwema kupita kiasi, hakosei, hakasiriki, na katika kurasa nyingi riwaya inalegea kwa sababu hiyo. Majina nayo yanamaliza siri mapema mno, maana anayeitwa Hasidi amekwisha kuhukumiwa kabla hajatenda. Lakini fikiri juu ya mjeledi. Mwandishi amemweka mtu mwema kabisa katika hali ya kulazimika kutenda ukatili kila usiku, kwa amri halali, dhidi ya watu waliostahili adhabu. Haki imetendeka, na nyumba imekuwa jehanamu. Mwandishi akiwaua ndugu hao mwishoni, atakuwa ameuthibitisha mjeledi. Akiwarudisha, atakuwa amesema kwamba haki isiyokuwa na mwisho humharibu anayeitekeleza. Muujiza wa kwanza, wa mtu kuwa nyani, ni kazi ya jini, na kwa jini ni jambo jepesi. Muujiza wa pili, wa nyani kuwa ndugu tena, ulihitaji mfalme aombe, aliyedhulumiwa akubali, na waliodhulumu waone aibu. Si ajabu basi kwamba anayeshika ufunguo wa mambo haya ameitwa Huria, jina lenye maana ya uhuru, katika kitabu kilichochapishwa nchi ikiwa bado chini ya Waingereza. Wengine wataona natia chumvi hapo. Na waone.

Kuna ushahidi mwingine wa uzito wa udugu kwa mwandishi huyu, nao haukuwa mikononi mwa wasomaji wa 1952. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilichapisha Barua za Shaaban Robert 1931–1958 chini ya uhariri wa M. M. Mulokozi. Barua hizo alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye alizitunza. Ni miaka 27 ya kuandikiana. Mtu aliyehama kituo hadi kituo kwa amri ya serikali aliushikilia udugu kwa kalamu, naye Yusuf akauhifadhi kwa kutotupa karatasi. Ukizisoma barua hizo kwanza, kisha ukarudi kwa Adili anayewalisha manyani kwa mkono wake, hutasema tena kwamba machozi yale ni pambo la hadithi.

Muujiza wahamia Nairobi

Nilisema nitalirudia jambo la kodi na jini kusimuliwa kwa sauti moja. Wahakiki huiita namna hiyo ya usimulizi uhalisiajabu au uhalisia-mazingaombwe. Istilahi hii ilianza kwa Franz Roh wa Ujerumani mwaka 1925, aliyekuwa akizungumzia picha za wachoraji. Mwaka 1949 Alejo Carpentier wa Kuba aliandika dibaji mashuhuri akidai kwamba ajabu ni sehemu ya maisha halisi ya Amerika ya Kilatini. Mwaka 1967 Gabriel García Márquez wa Kolombia alichapisha riwaya ya ukoo mmoja uliozungukwa na maajabu, na dunia nzima ikaigeukia. Sasa weka tarehe hizi kando ya 1952. Sisemi kwamba Adili na Nduguze ni riwaya ya uhalisiajabu kwa maana kamili, kwa sababu Ughaibu ni nchi ya ngano, na katika nchi ya ngano jini hashangazi mtu. Nasema kwamba waandishi wetu walipokuja kuitumia mbinu hii, walikuwa na akiba nyumbani.

Walianza kuitumia kwa wingi baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Nagona (1990) na Mzingile (1991) huko Dar es Salaam. Kisha uwanja ukahamia Nairobi, angalau kwa upande wa wachapishaji. Katama Mkangi alitoa Walenisi mwaka 1995, na K. W. Wamitila akatoa Bina-Adamu! mwaka 2002. Vitabu hivi vina mengi, ila nyumba na ukoo si shabaha yake, kwa hiyo nitavipita.

Kinachotuhusu ni Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, kilichochapishwa na Jomo Kenyatta Foundation mwaka 2001. Mhusika wake mkuu hana hata jina kamili, anaitwa K tu. Ni mtu wa tabaka la walioshiba. Babu yake aliyekufa anafufuka, anamjia, na kumwongoza kwenda kuyaona maisha ya wale ambao yeye na wenzake wamewasahau. Linganisha na Janibu. Katika Adili na Nduguze muujiza unatoka nje ya ukoo, kwa jini, nao unaingia nyumbani kuhukumu dhuluma ya ndugu kwa ndugu. Katika Babu Alipofufuka muujiza unatoka ndani ya ukoo wenyewe, kwa marehemu wake, nao unamtoa mjukuu nje kwenda kujibu dhuluma ya tabaka zima. Ukaguzi ni ule ule. Aliyebadilika ni mkaguzi. Ikibali alitumwa na mfalme. Babu hakutumwa na mtu.

Na hapa ndipo mwanafunzi wa Nairobi anapokuwa na sifa ya kusoma ambayo hatujaitumia. Darasani mwako wamo vijana wa Kikikuyu waliopewa majina ya guka zao kwa utaratibu wa kuwarithi, na wa Kijaluo waliopewa majina ya jamaa waliotangulia. Mtoto ambaye mama yake mzazi humwita kwa utani "baba", kwa kuwa amebeba jina la babaye mama, hahitaji kufundishwa kwamba wafu hurudi. Jambo hilo analiishi akitumwa dukani. Anachohitaji ni mwalimu wa kumwambia kwamba hilo analolijua ni fasihi.

Ole wetu, riwaya za lazima hazijamsaidia sana. Tangu Utengano ilipotahiniwa, ikafuatwa na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora kati ya 2013 na 2017, Chozi la Heri ya Assumpta Matei kuanzia 2018, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi kuanzia 2023, watahiniwa wa KCSE wamesoma riwaya za uhalisia. Zote zinahusu jamaa zilizovunjika, na zimeandikwa kwa ustadi. Hata hivyo kiu ya muujiza haikuondoka, ila imevaa nguo nyingine. Chukua Chozi la Heri. Umulkheri, Dick na Mwaliko, ndugu watatu waliotawanywa, kila mmoja akalelewa kwingine, wanakutana tena. Dada anamwona kakaye katika uwanja wa ndege, na mdogo wao anapatikana hotelini akiwa na wazazi waliomlea. Tunawafundisha wanafunzi kuandika "sadfa" na kupata alama moja. Lakini ni nini sadfa hiyo, kama si kazi ya Huria iliyokabidhiwa bahati? Mwandishi wa uhalisia hana jini, naye bado anahitaji ndugu watatu wakae meza moja. Kwa hiyo anakopa muujiza na kuubadilisha jina. Ken Walibora alifanya hivyo pia katika Siku Njema (1996), pale Kongowea Mswahili anapomtafuta baba asiyemjua na kumpata mbali na Tanga alikozaliwa.

Mwanafunzi aliyesoma Adili kabla ya Chozi la Heri ataliona jambo hili mwenyewe. Ambaye hakusoma atasema mwandishi "ametumia sadfa kwa ufanisi mkubwa".

Darasani

Kwa hayo, naomba nikupendekezee namna moja ya kufundisha, ingawa najua kila mwalimu ana chungu chake. Adili na Nduguze si kitabu cha kutahiniwa, nalo ni jambo jema, kwa maana hakuna mwongozo wa kukiharibu. Ni chembamba. Kidato cha pili wanaweza kukimaliza kwa vipindi vichache vya maktaba. Wasome hadi pale manyani wanaporudi kuwa watu, kisha uwafungie kitabu. Wasimulie kwa mdomo mwisho wa ndugu wa Basra, yaani usaliti wa pili na kifo. Halafu waulize mwandishi wa Tanga alifanya uamuzi upi, na wewe unyamaze. Usiwaambie jibu kabla hawajabishana. Nimeona mabishano hayo yakiendelea hadi kengele ya chakula, na wanaotaka ndugu wauawe si lazima wawe wale unaowadhania. Aghalabu huwa ni wale wenye kesi ya shamba nyumbani.

Baada ya hapo wape Babu Alipofufuka, angalau sura za mwanzo. Ni kigumu zaidi, na kuna mambo ndani yake yanayomfaa zaidi kidato cha nne. Kisha waandike. Zoezi lenyewe ni fupi: babu yako anafufuka leo jioni hapa Karen. Anakwenda wapi, na anauliza nini?

Zoezi hili lina historia chini yake, na inafaa mwalimu aijue kabla ya kuwapeleka wanafunzi makumbusho. Shamba la Blixen lilikuwa na familia za Wakikuyu waliolima vipande vyao humo kama maskwota. Lilipouzwa mwaka 1931 watu hao walitakiwa kuondoka. Mwenye shamba alihangaika katika ofisi za serikali mpaka wakapewa ardhi ya kukaa pamoja huko Dagoretti. Yeye mwenyewe ameyaandika hayo. Kwa hiyo si babu wa kubuni tu anayeweza kufufuka katika mtaa huu. Wapo waliozaliwa hapa, wakachuma kahawa hapa, wakazikwa kwingine. Wajukuu wao huingia Karen asubuhi kwa matatu kuja kukata nyasi na kupika, na baadhi ya vitukuu wamo katika darasa lako.

Katika daftari za wanafunzi babu huyo hufika jioni, akiwa na fimbo, akitafuta njia iliyopita kando ya mikahawa kwenda mtoni. Anakuta ua wa kei aple na geti la chuma. Mlinzi anatoka kibandani, anamsalimia kwa heshima, anamwita mzee, kisha anamwomba kitambulisho.